Picha ya Ubao Haisikiki

Katika shule nyingi za Mombasa siku hizi, kipindi kikiisha kuna jambo ambalo halikosi kufanyika. Ubao unapigwa picha kwa simu ya mwalimu, na jioni picha ile imeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Aliyekosa shule kwa homa anaipata kazi. Aliyechelewa kunakili anamalizia nyumbani. Lakini mwanafunzi asiyeona akiigusa picha hiyo kwenye simu ya mamake, simu inamwambia neno moja: "Picha." Akigusa tena, inarudia hilo hilo. Maelezo yote ya Vita vya Maji Maji, tangu kilimo cha pamba cha kulazimishwa mpaka vita vilipozimwa mwaka 1907, yamo humo ndani, na hayasikiki.

Nimefundisha Kiswahili na historia kwa miaka mingi upande wa Kisauni, katika shule ya kutwa ya kawaida ambayo hupokea pia wanafunzi wenye ulemavu. Mombasa ina shule maalumu zinazojulikana: ya wasioona kule Likoni, ya viziwi Ziwani, ya wenye ulemavu wa viungo Port Reitz. Hata hivyo kuna watoto ambao wazazi wao wanataka walale nyumbani, kuna wanaopoteza uwezo wa kuona wakiwa tayari darasa la saba, na kuna wanaotaka tu kusoma pamoja na ndugu zao. Hao ndio tunaowapata sisi.

Watu wakisikia habari ya teknolojia kwa wanafunzi hawa, mawazo huenda moja kwa moja kwenye kifaa. Mfadhili anauliza tunahitaji kompyuta ngapi. Mzazi anauliza bei ya simu. Ni maswali mazuri na vifaa kweli havitoshi. Ila nimeona kompyuta nzuri zikikaa kabatini, na nimeona kijana mwenye simu kuukuu iliyopasuka kioo akiongoza darasa katika historia, na tofauti haikuwa kifaa. Tofauti ilikuwa noti: zinamfikia zikiwa katika hali gani, na zinamfikia lini.

Nieleze kidogo jinsi mambo yanavyofanya kazi, kwa sababu walimu wenzangu wengi hawajawahi kuelezwa. Kisoma skrini ni programu inayochukua maandishi yaliyo kwenye skrini na kuyatamka. Simu za Android huja nayo, inaitwa TalkBack, na kwa simu nyingi unaiwasha kwa kubana vitufe viwili vya sauti pamoja kwa sekunde chache. iPhone ina VoiceOver. Kwenye kompyuta za Windows kuna NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, wote wawili wasioona. NVDA haiuzwi. Unaipakua, unaiweka, basi. Kwa shule kama yetu hilo ni jambo kubwa, maana zipo programu za aina hiyo ambazo bei yake ingemaliza fedha za muhula mzima.

Sasa, programu hizi husoma herufi. Mwalimu akichapa sentensi kwenye Word, kila herufi ina utambulisho wake ndani ya faili, na programu inaujua. Akipiga picha ukurasa ule ule, kilichobaki ni rangi tu, doa jeusi hapa na jeupe pale. Macho yako na yangu yanaona maneno, lakini kwa kisoma skrini hakuna neno. PDF iliyotengenezwa kwa kuskani kitabu ni hivyo hivyo: inafunguka, ina kurasa mia mbili, na haina neno hata moja la kusomwa. Zipo programu zinazojaribu kutambua maandishi ndani ya picha, kama Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft, na kwa kitabu kilichochapwa vizuri zinasaidia kweli. Zikutane na chaki yangu kwenye ubao uliochakaa, jua la saa nane likiwa limepiga dirishani, zitatoa vipande vya maneno visivyo na mbele wala nyuma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza tuliyoifanya haikugharimu chochote. Tulikubaliana, walimu wachache wa masomo ya sanaa, kwamba noti zichapwe kabla ya kipindi, na faili itumwe yenyewe badala ya picha. Tukaongeza jambo la pili ambalo mwanzoni lilionekana la urembo tu: kuweka vichwa vya sehemu kwa mtindo wa vichwa uliomo ndani ya Word, badala ya kukoza herufi kwa mkono. Anayeona hupitisha macho ukurasani akafika "Matokeo ya vita" mara moja. Anayesikiliza huanza neno la kwanza aende mpaka la mwisho, isipokuwa faili iwe na vichwa ambavyo programu inavitambua. Hapo anaruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kitufe kimoja. Wakati wa marudio kabla ya mtihani, huo ndio mpaka kati ya kusoma na kuhangaika.

Kuna jambo la sauti, na hili wenye Kiswahili tunalijua vizuri. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliletewa kipakatalishi na mjomba wake. Kilikuwa kizuri, programu imo, kila kitu kimewekwa kwa Kiingereza. Aliposoma noti zangu za fasihi, sauti ile ya Kiingereza ilisoma Kiswahili kwa kanuni zake yenyewe. "Wake" ikawa neno la Kiingereza la kuamka. "Pole" ikawa mlingoti. "Mate" akawa rafiki. Maneno mengine ilikatakata silabi mahali pasipostahili, na "ng'ambo" haikutambulika kabisa. Nilikaa naye nikasikiliza aya moja kwa kisikizi cha sikio la pili, na nilichoka kabla haijaisha. Yeye alikuwa ameishi na hilo tangu muhula uanze, akikisia maneno moja moja. Alama zake za Kiswahili zilikuwa chini, za Kiingereza juu, na baadhi yetu tulishaanza kusema kwamba mtoto huyu hapendi Kiswahili.

Sauti ya Kiswahili ilikuwemo mle mle. NVDA huja na eSpeak NG, ambayo ina lugha nyingi na Kiswahili ni mojawapo. Ni sauti kavu, ya mashine hasa, lakini inatamka kila irabu inavyopaswa. Kwenye Android ipo sauti ya Kiswahili ya Google, laini zaidi, ambayo unaipakua mara moja kisha inafanya kazi hata bila bando. Tulibadilisha mpangilio huo wakati wa mapumziko ya saa nne. Alisikiliza kidogo, akaongeza kasi, akaongeza tena, mpaka mimi nikawa sifuati neno. "Mwalimu," akaniambia, "kumbe hii hadithi ina mambo!" Tangu siku ile nikipokea mwanafunzi anayetumia kisoma skrini, kabla ya yote naangalia kinasoma kwa sauti ya lugha gani. Na noti zangu za historia, ambazo huchanganya Kiswahili na dondoo za Kiingereza, nazitia alama ya lugha aya kwa aya ndani ya Word, ili programu ijue wapi pa kubadilisha sauti. Ni kazi ya dakika chache.

Kutokana na mafanikio hayo, wapo waliotoa rai kwamba breli, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, imepitwa na wakati. Kwa nini tubebe mashine za Perkins za kuchapia breli, zenye uzito wa karibu kilo tano, wakati simu inasoma? Kwa nini karatasi nene, na kitabu kimoja cha kawaida kigeuke mafungu kadhaa ya breli yasiyoingia mkobani? Nimeisikia hoja hii hata kwa watu ninaowaheshimu sana, na siikubali.

Nitasema kwa nini. Nilikuwa na binti mwerevu aliyepoteza kuona akiwa mkubwa kidogo, akahamia kusoma kwa sauti bila kujifunza breli sawasawa. Insha zake alizichapa kwenye kompyuta, na mawazo yake yalikuwa ya mtu mzima. Lakini aliandika "kwasababu" neno moja, "kwahivyo" neno moja, "hatahivyo" neno moja. Nukta zilikaa mahali popote. Majina ya watu na miji yalianza kwa herufi ndogo. Haukuwa uvivu. Sauti haikwambii kwamba kati ya "kwa" na "sababu" kuna nafasi. Haikwambii kwamba Pemba ina herufi kubwa. Unaweza kuilazimisha programu itamke kila alama, na tulifanya hivyo kwa zoezi, ila hakuna binadamu atakayesoma riwaya nzima akiambiwa mkato, mkato, nukta.

Alipoanza kugusa breli, mambo yalibadilika taratibu. Kila herufi ya breli hukaa katika kisanduku cha nukta sita, na nafasi kati ya maneno ni kisanduku kitupu ambacho kidole hukipita na kukihisi. Herufi kubwa ina alama yake mbele. Louis Braille alipobuni mfumo huu mwaka 1824 huko Paris alikuwa kijana wa miaka 15, na hadi leo sijaona kitu kingine kinachompa asiyeona umbo la maandishi yenyewe. Binti yule alisoma kurasa zile zile mara mbili, kwanza kwa sikio, kisha kwa vidole, na "kwa sababu" ikaachana yenyewe. Mtihani wa kitaifa nao huletwa kwa breli kwa wanaoihitaji, kwa hiyo asiyeijua anafika siku ile akitegemea wengine.

Zipo sasa mashine ndogo za breli ambazo vijiti vyake huinuka na kushuka vyenyewe, mstari mmoja baada ya mwingine. Orbit Reader 20, kwa mfano, ina visanduku 20, na unaipa faili kwa kadi ndogo ya kumbukumbu. Kitabu kilichokuwa mafungu kinaingia mfukoni. Ni ghali kwa familia ya kawaida, na tulipopata kuazima moja wanafunzi waliitumia kwa zamu. Lakini ona: nayo inakula faili ya maandishi. Ukiipa picha, vijiti havitainuka.

Perkins zetu bado zinafanya kazi kubwa. Hewa ya chumvi ya pwani haizihurumii, na mashine isiyopakwa mafuta huanza kukaza vitufe mpaka mtoto anaumia vidole. Tulijifunza kuzifunika kila jioni na kuziweka mbali na madirisha ya upande wa bahari. Karatasi za breli nazo zisipangwe moja juu ya nyingine kwa uzito, maana nukta hulala, na nukta iliyolala haisomeki.

Wasioona nimewazungumzia sana kwa sababu kwao ndiko nilikoanzia. Viziwi walinifundisha jambo ambalo sikulitarajia, kuhusu macho.

Darasani anayesikia anaweza kuandika huku akinisikiliza. Masikio yako kwangu, macho yako daftarini. Kiziwi anayemfuata mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya hana nafasi hiyo. Akishusha macho kuandika sentensi moja, mkalimani ameshasema tatu. Akiinua macho, sentensi yake imekatika. Wanafunzi wawili viziwi walikuwa na madaftari yenye mistari iliyoishia katikati, ukurasa baada ya ukurasa, na ukiyaangalia unajua kabisa ni wapi mtoto alilazimika kuchagua. Walipoanza kupata noti jana yake, jioni, kwenye simu za nyumbani, waliacha kuandika darasani. Walikaa mbele, wakamtazama mkalimani kipindi kizima, na maswali yakaanza kuja. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa. Noti ziliwahi tu.

Manukuu ya sauti yanayojiandika yenyewe kwenye skrini tuliyajaribu. Kwa Kiingereza, mtu mmoja akiongea karibu na kipaza sauti, yanaridhisha. Kwa Kiswahili cha darasani, wanafunzi wengi, feni inazunguka, muadhini wa msikiti wa jirani na honi za matatu, yalitoa maneno ambayo hayakusemwa, na kiziwi hana njia ya kujua lipi ni kosa la mashine na lipi ni la kweli. Kwa hiyo video tunazowapa tunaziandikia manukuu wenyewe, mafupi, yaliyohakikiwa. Na video za ishara zina masharti yake: mwanga uwe mbele ya anayeashiria, asisimame na dirisha nyuma yake, nguo isiwe na maua, na kamera ichukue tangu kiunoni hadi juu ya kichwa ili mikono isikatwe. Ishara hukaa usoni pia. Video iliyobanwa sana ili kuokoa bando hufuta uso, na uso ukifutika swali na kauli havitofautiani.

Hapa niseme kwamba Katiba ya mwaka 2010 haikuacha mambo haya kwa hisani ya mtu. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika kwenye taasisi za elimu, ya kutumia ishara, breli au njia nyingine inayomfaa, na ya kupata vifaa vya kuondoa vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Kifungu cha 120 kinaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Nimewahi kukisoma kifungu cha 54 kwa sauti katika mkutano wa walimu, polepole, na mazungumzo yakabadilika. Mtu aliyekuwa akisema "tutawasaidia tukipata nafasi" hakusema tena hivyo.

Mwaka 2020 ndio uliotuonyesha wazi zaidi. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya Korona, masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na kwenye simu. Redio ilimwacha kiziwi nje kabisa. Televisheni ilimsemesha asiyeona kwa maneno kama "kama mnavyoona hapa" na "mstari huu unaelekea huku". Kijana wangu mmoja alinipigia simu na kuniuliza, "Mwalimu, hapa ni wapi?" Sikuwa na la kumjibu ila kuitazama ile programu ikirudiwa na kumweleza. Tangu hapo nawaomba walimu wa hesabu wataje kila wanachokionyesha. Useme "zidisha tatu kwa x kipeo cha pili", usiseme "zidisha hii kwa ile". Walimu walipozoea, hata wanafunzi wanaoona waliokaa nyuma walisema wanaelewa vizuri zaidi.

Kuna mtoto ambaye mikono yake haimtii, kwa sababu ya mtindio wa ubongo. Anajua jibu, ila kalamu inamchukua nusu saa kwa aya moja. Kompyuta ilionekana ndiyo dawa, mpaka alipochapa. Kidole kikishagusa kitufe hakiondoki upesi, na "alikuja" ikawa "aaaaaalikkkuja". Kushika Shift na herufi kwa pamoja hakuweza. Tulizungumza habari ya kumnunulia kibodi maalumu kutoka ng'ambo. Kabla ya hapo mwalimu wetu wa kompyuta akafungua mipangilio ya Windows, sehemu ya kurahisisha matumizi, akawasha mbili: moja inayopuuza kujirudia kwa kitufe kilichobanwa kwa muda mrefu, nyingine inayokuruhusu kubonyeza Shift, kuiachilia, kisha kubonyeza herufi. Zote zimo ndani ya kompyuta tangu ilipotoka dukani. Chini ya kibodi tukaweka kipande cha mpira kisiteleze mezani. Siku hiyo mtoto alichapa sentensi tano bila mtu kumsaidia, akaniita nije nizisome, kisha akaniita tena kwa sababu ameongeza ya sita. Kuandika kwa kuisemesha mashine hakukumfaa, kwa kuwa matamshi yake mashine haikuyazoea, na kila sentensi iliyorudishwa vibaya ilimkatisha tamaa. Sote tuliona ni heri vidole vyake, hata vikienda polepole.

Ramani nimeziacha mwisho kwa sababu bado hazijapata ufumbuzi mzuri wa kidijitali. Mwenye kuona anaitazama ramani ya pwani na kuielewa papo hapo. Nimesikiliza maelezo ya maneno ya ramani kwenye kompyuta. Yanachosha na hayakai kichwani. Tunatumia kadibodi, gundi na uzi. Uzi wa katani ndio ufuo, mchanga ndio nchi kavu, na bahari tunaiacha laini. Kisiwa cha Mombasa kinatoka vizuri sana hivyo: kidole kinazunguka, kinakuta Makupa upande wa bara, kinakuta daraja la Nyali, kinashuka hadi Likoni ambako uzi unakatika kwa sababu pale ni feri, hapana daraja. Mwanafunzi mmoja aliyeivuka Likoni maisha yake yote alizunguka kisiwa hicho kwa kidole akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini upepo wa feri humpiga shavu hili akienda na lile akirudi. Gharama ya ramani ile ni chini ya nauli ya tuktuk.

Vitabu vya kiada na vya fasihi ndivyo vinavyoniumiza. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika 2016, na Kenya ikajiunga nao 2017. Unaruhusu nakala zinazosomeka na wasioona zitengenezwe na kubadilishanwa hata kuvuka mipaka ya nchi, bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki kila mara. Mlango uko wazi kisheria. Lakini kitabu cha Kiswahili kilichoteuliwa kwa kidato cha tatu hakijigeuzi chenyewe. Lazima mtu akikalie na kukichapa au kukiskani, akisahihishe mstari kwa mstari, akiwekee vichwa. Mashairi ndiyo magumu zaidi, maana programu ya kutambua maandishi huunganisha vipande viwili vya mshororo, ukwapi na utao, na mizani inapotea. Mchapishaji anayo faili safi aliyochapia kitabu. Kila mara nikifikiria kwamba faili hiyo ipo mahali fulani, na mtoto wangu anangoja tusahihishe skani, moyo wangu hautulii.

Wazazi huja na swali lao. Mama mmoja, muuza samaki wa Kongowea, mwanawe asiyeona akiwa anamaliza kidato cha nne na kungoja kwenda chuo, alinijia afisini na fedha zimefungwa kwenye leso. "Mwalimu, nimnunulie simu gani? Na nikimpa, si ataibiwa njiani?" Nilimwambia asitafute jina kubwa. Atafute Android isiyo ya zamani sana, yenye nafasi ya kutosha, yenye tundu la visikizi, na betri inayofika jioni, kwa sababu stima zetu anazijua. Visikizi avae sikio moja tu, la pili lisikilize barabara. Simu ikae kwenye mfuko wa ndani na aizungumzishe akiwa amesimama mahali salama. Na skrini aitie giza kabisa. TalkBack inafanya kazi skrini ikiwa nyeusi, hivyo hakuna anayeona anachosoma, na namba yake ya siri ya M-Pesa inabaki yake.

Kisha nikamwambia kwamba simu ni nusu ya safari, na nusu nyingine aidai chuoni. Siku ya usajili aulize, kabla ya kulipa karo: mtampa noti katika hali gani, na lini?

Alienda naye chuoni, ng'ambo ya kisiwa, akauliza vile vile nilivyomwambia. Karani hakuelewa, akamwita mkuu wa idara. Kijana alitoa simu, akafungua kwanza PDF iliyoskaniwa, wakasikiliza kimya chake, kisha akafungua faili ya Word, ikaanza kusoma. Akaeleza mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho, mamake akiwa amekaa tu na risiti mkononi. Mkuu wa idara alichukua fomu yake na kuandika kwenye nafasi ya maoni: noti zote kwa faili ya maandishi, siku mbili kabla ya mhadhara.